Zile Swichi za Gari la Baba

Juzi mjukuu wangu alinitembelea akiwa na kichupa cha mafuta ya nywele, akakifungua mezani kabla hata sijamwekea chai. Harufu ikanipiga usoni. "Hayo ni mafuta ya nini?" nikamuuliza, na nilijua vizuri ni ya nini. "Ni ya mbarika, shosh. Yanakuza nywele, kila mtu anayatumia siku hizi." Nikamwambia ayafunike, tena asithubutu kugusa swichi ya taa yangu na mikono hiyo. Msichana wa watu akanitazama kama mtu aliyeona nyanya yake akianza kupotewa na akili. Akawasha taa kwa kiwiko, akacheka. Mimi sikucheka. Hasira hiyo nimeibeba tangu nikiwa sijang'oa meno ya utoto yote, na kila nikidhani imekwisha, mtu ananiletea mafuta ya mbarika mpaka mezani.

Nyinyi mliokulia upande wa Ruiru wakati wa Hali ya Hatari mtakumbuka vile vijiji tulivyokusanywa, nyumba zimebanana hivi kwamba moshi wa jirani unaingia kwako na kikohozi chako kinamwamsha yeye. Katika kijiji chetu hakuna mtu mweusi aliyekuwa na gari. Baba yangu alikuwa akiendesha trekta katika shamba la kahawa, na jioni anaendesha gari la meneja wa shamba. Mambo yalipoanza kupoa, meneja yule akarudi kwao Ulaya, akamwachia Baba gari lake kuukuu badala ya kitu kingine alichokuwa amemwahidi. Kitu gani, sijui mpaka leo. Baba alikuwa akisema "aliniachia" kwa sauti ya mtu aliyepewa na kunyimwa kwa wakati mmoja.

Lilikuwa gari jeusi la kabla ya vita vya Hitla, taa zake kubwa zimesimama juu ya magurudumu ya mbele. Viti vyake vya ngozi vilikuwa vimepasuka, vinatoa manyoya ya farasi, na ndani kulinukia tumbaku ya mzungu na mbwa wake. Mbele ya dereva kulikuwa na ubao wa mti, na kwenye ubao huo swichi zilizopangwa kama meno: ya taa, ya waipa ya kufutia kioo, ya kuwashia injini. Zilikuwa za ile plastiki ngumu nyeusi ya zamani, na herufi zake nyeupe zilikuwa zimelika kwa vidole hata huwezi kuzisoma. Katikati ya usukani kulikuwa na kitufe cha honi, na juu yake kijiti kidogo cha kuamuru mikono. Ndiyo, mikono. Magari ya wakati huo hayakukonyeza kwa taa. Yalikuwa na vijimkono viwili vimefichwa ubavuni, na dereva akitaka kukata kulia anasukuma kile kijiti, kijimkono cha kulia kinachomoka, kinasimama wazi watu wakione. Sisi watoto tulikuwa tunaweza kukitazama mpaka ugali upoe.

Baba alikuwa na mpango mmoja tu duniani. Alitaka kuachana na trekta, abebe watu na mizigo yao kati ya Ruiru na Thika, awe bwana wa usukani wake mwenyewe. Lakini kwanza gari lilipaswa kukaguliwa Thika na mzungu wa polisi, na bila karatasi yake huwezi kubeba hata kuku. Kama gari lingekataliwa, basi trekta lilikuwa pale pale linamngoja, na meneja mpya alikuwa amekwisha mwambia hivyo, tena mbele ya watu.

Akalipeleka. Akarudi jioni amenuna, akakaa nje kwenye kigoda bila kuvua kofia. Mama akamletea uji, hakuupokea.

"Amelikataa?" Mama akauliza.

"Breki nzuri. Taa nzuri. Tairi nzuri," Baba akasema. "Akasukuma swichi ya mkono. Mkono ukatoka, ukakataa kurudi. Umesimama hivyo kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda choo! Akabonyeza honi, ikanata kidogo. Akavuta ya taa, kidole chake kikatoka na uzi. Uzi, Mama Njoki! Kama wa asali. Akautazama, akapangusa kidole kwa kitambaa, akaniambia, 'Gari hii chafu. Hii mikono ya watoto. Wewe nakwenda safisha, wewe narudi. Kama bado, hapana barabara.'"

Mikono ya watoto. Maneno hayo aliyasema mtu aliye Thika, ambaye hajawahi kutuona, na Baba akayaleta nyumbani kama yametoka kwenye Biblia.

Hapa niwaeleze kitu kuhusu jina langu. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake Baba. Yeye Njoki, mimi Njoki. Kwa hivyo Baba hakuwa akiniita jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, kama alivyomwita cucu, yaani nyanya yangu, mwenyewe. Mtu mzima mwenye ndevu, ananiita mimi mama yake, nami nikiitika alikuwa akicheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Hakuna kitu nilichokipenda zaidi ya hapo. Kaka yangu mdogo, Kariuki, aliwahi kuomba naye aitwe Maitu, tukamcheka wiki nzima.

Basi kesho yake Baba akasema, "Maitu, vidole vyangu ni vinene, haviingii nyuma ya hizi swichi. Vyako vitaingia." Akanikalisha kwenye kiti cha dereva juu ya gunia lililokunjwa. Akanipa mafuta ya taa kwenye kifuniko cha kopo, pamba aliyoichomoa kwenye godoro, na vijiti alivyochonga vyembamba kabisa. Nikafundishwa kazi. Unazungushia pamba kwenye ncha ya kijiti, unachovya, unakamua, unapitisha nyuma ya shingo ya swichi pole pole, maana ukilowesha sana mafuta yanaingia kwenye nyaya. Pamba inatoka nyeusi, inavutika. Unatupa, unachukua nyingine. Kisha unapangusa kwa maji ya magadi, kisha kwa kitambaa kikavu. Swichi ya waipa ilikuwa imevunjika kichwa, Baba akachonga kingine kwa tawi la mbuni, akakipaka rangi nyeusi ya viatu na kukisugua mpaka kikang'aa kuliko vile vya mzungu. Herufi zilizolika akazichora upya kwa unyoya wa kuku na chokaa. Zilikuwa zimepinda kidogo, lakini zilionekana. Tulipomaliza, nikabonyeza honi na ikaruka juu tik, safi. Baba akaniambia, "Maitu, wewe ni fundi." Usiku huo nililala nimejikunja kwa furaha.

Asubuhi swichi zilikuwa zinanata.

Si kidogo. Ukigusa, kidole kinashikwa, kisha kinaachiliwa shingo upande. Baba akazipapasa moja moja, akanitazama. "Ulikula nini jana?" Nikasema ugali na mboga. "Baada ya hapo?" Nikasema hakuna. Akaniambia niinyooshe mikono. Akaigeuza, akaikagua katikati ya vidole. Kando yetu Kariuki alikuwa amesimama na kipande cha nanasi, maji yamemtiririka mpaka kwenye viwiko, nzi wanamfuata. Hakuna aliyemkagua. Yeye hakuwa na kazi garini, kwa hivyo hakuwa na hatia. Haki gani hiyo?

Tukasafisha tena. Asubuhi, zinanata. Baba akabadilisha mafuta ya taa, akasema pengine yale yalikuwa yamechanganywa. Zikanata. Akasema labda ni jasho la plastiki kwa sababu ya jua, akaliegesha gari kivulini. Zikanata zaidi, na vumbi la kijiji likajishika juu yake. Akafunga milango kwa kamba, lakini dirisha moja halikuwa na kioo, kamba hiyo ilikuwa ya kujidanganya tu. Siku ya kurudi Thika ilikuwa inakaribia, na kila asubuhi alitoka garini akijifuta vidole kwenye suruali huku anasonya. Alipokuwa na hasira hakupiga mtu. Alinyamaza. Sisi tuliolelewa na baba wa kunyamaza tunajua, afadhali yule wa kiboko, kwa sababu kiboko kina mwisho.

Kisha akaacha kuniita Maitu. Sijui ni siku gani hasa. Nilisikia tu, "Wewe, lete kitambaa." Wewe! Nikamtazama nikidhani anaongea na Kariuki.

Sasa mniambie, mtoto angefikiri nini? Mimi ndiye niliyezigusa swichi. Nikizigusa zinakuwa safi, nikiondoka zinanata. Tena mzungu wa Thika, aliyekuwa na uwezo wa kukataza gari barabara nzima, alikuwa ameiona mikono yangu kutoka kule na mimi niko Ruiru. Niliamini kabisa kwamba kuna kitu kinatoka kwenye viganja vyangu, kitu kisichoonekana mchana. Nikaanza kuiosha. Niliiosha kwa majivu, nikaiosha kwa magadi, nikaenda mtoni nikaisugua kwa mchanga mpaka ikawa myekundu. Sikutaka kumshika mtoto wa jirani. Kanisani watu wakisalimiana nilijificha nyuma ya Mama. Kabla ya kulala nilibonyeza kidole kwenye ukuta wa udongo kuona kama kitashikwa. Hakikushikwa, na badala ya kufurahi nilisema, ahaa, kumbe kinachagua.

Viganja vikapasuka. Nyufa zikatoka hadi kwenye viungo vya vidole, nikikunja ngumi nasikia moto. Baba hakuona, maana alikuwa anakagua uchafu, hakuwa anakagua ngozi. Mama alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho na kazi ya kahawa juu yake. Aliyeona ni Cucu.

Cucu alikuwa akikaa nasi, kwenye kona yake karibu na mbuzi, na mbuzi wenyewe aliwapenda kuliko baadhi ya watu wa kanisa. Alikuwa amebatizwa, anaimba nyimbo zote bila kitabu, lakini kibuyu chake cha mafuta ya mbarika hakukitoa chini ya kitanda kwa mahubiri ya mtu yeyote. Alijipaka kila siku, na nyumba nzima ilikuwa na harufu hiyo hata tukawa hatuisikii tena. Jioni moja akanishika mkono nikimpa maji. "Njoki wangu, mikono hii imefanywa nini?" Akaniketisha, akatoa kibuyu, akanipaka viganja, katikati ya vidole, mpaka kwenye vifundo. Yalikuwa mazito, yamejaa mashapo, maana aliyakamua mwenyewe. Nikalia kidogo kwa sababu yaliwasha, na kwa sababu alinishika taratibu.

Asubuhi Baba akaniita garini. "Wewe, njoo. Nyoosha." Siku ya Thika ilikuwa kesho yake. Akashika mkono wangu, na kidole chake gumba kikanata kwenye kiganja changu. Akauinua puani, akanusa. Akainama akanusa swichi ya taa. Akarudi kwenye mkono.

"Ndiyo hii," akasema. Sauti yake haikuwa hata kubwa. "Ndiyo hii, na siku zote hizi unaniambia hakuna. Harufu ni moja! Njoki, unataka nirudi kwenye trekta? Nimekukosea nini?"

Aliniita Njoki. Nilichowaza ni kwamba sasa imethibitishwa, hata pua ya Baba imeshuhudia, na nitaishi na mikono hii mpaka nizeeke. Nikaangua kilio ambacho majirani walitoka kukitazama.

Cucu akatoka na kikombe cha maziwa ya mbuzi mkononi. "Unamlizia nini mwenye jina langu?"

"Ni yeye anayechafua gari, Maitu. Nusa mwenyewe."

Cucu hakunusa. Alimtazama Baba kama anavyotazama mbuzi aliyejifunga kamba miguuni. "Hayo ni mafuta yangu. Nimempaka jana. Mtoto amepasuka mikono kama mguu wa mchunga mbuzi na wewe baba yake huoni."

"Na kwenye swichi? Yamefikaje kwenye swichi?"

"Kwenye swichi pia nimepaka mimi," Cucu akasema. "Kila asubuhi, kabla hujaamka."

Ngai! Hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Maitu," Baba akasema pole pole, "kwa nini?"

"Kwa nini? Wewe unaleta kitu kilicholala kwa mwingine miaka yote hiyo, unakiingiza hapa kikavu hivyo hivyo, hakijakaribishwa, kisha unashangaa kinakataa kukutii? Huyu mke wako alipokuja kwangu nilimpaka mafuta ndipo akawa wetu. Mimi nilipoolewa nilipakwa. Hilo gari bado linamngoja mzungu wake. Nikaona nilipake pale mkono unaposhika, lizoee mkono wako."

"Maitu, hili ni gari! Si bibi harusi!"

"Na nani alikuambia gari halikaribishwi?"

Mama alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika, na kwa mimba ile nilidhani amepatwa na uchungu. Alikuwa anacheka. Baba akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Mbona hukusema? Wiki zote hizi nasafisha, nafunga kamba, namsumbua mtoto, na wewe umekaa hapo unanitazama!"

"Uliniuliza?" Cucu akasema. "Kila asubuhi unamuuliza mtoto. Mimi nimekaa hapa na masikio yangu mawili. Kuna siku uliniambia, Maitu, swichi zinanata? Nilidhani unazisafisha ili nipate pa kupaka."

Mimi bado nilikuwa nimesimama na mikono mbele, hakuna aliyeniambia niishushe. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, wala sijui ilikuwa ya nani. Ya Baba aliyenusa bila kuuliza, au ya Cucu aliyenipenda kwa mafuta yale yale yaliyonitia hatiani. Watu wazima wakaanza kubishana juu ya desturi na plastiki, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya banda.

Siku hiyo Baba alisafisha peke yake, na vidole vyake vinene. Nilimsikia akisonya. Hakuniita, na mimi sikwenda. Kesho yake akalipeleka gari Thika, na kile kijimkono kikatoka na kurudi kama askari. Mzungu akabonyeza kila kitu, akatazama kidole chake, akaandika karatasi. Hata hakugundua kwamba swichi moja ni ya mti wa mbuni. Baba alirudi akipiga honi tangu kwenye lango la kijiji, watu wakamkimbilia, Mama akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe na nikaendelea kuchambua.

Hakuniomba msamaha. Wazazi wa wakati ule hawakuwaomba watoto msamaha, mtu angeuliza kama wana homa. Lakini siku ya kuanza kazi, kabla ya kubeba abiria yeyote, alisema wa kwanza kupanda atakuwa Cucu, ampeleke Thika akamwone dada yake. Alikuwa amemwapisha asiguse swichi hata moja. Kama lazima apake, apake magurudumu. Kisha akafungua mlango wa mbele, akanitazama mimi.

"Panda hapa."

Nikapanda, nikaikalia mikono yangu yote miwili.

Tulipita Juja, mkonge umejipanga huku na huku, Cucu nyuma amevaa leso yake ya kanisa, ameketi kwa raha. Mbele tukakuta ng'ombe wamejaza barabara, na mchungaji wao amelala kwenye nyasi, kofia imefunika uso. Baba akasimamisha gari. Nikangoja apige honi. Hakupiga.

"Bonyeza," akaniambia.

Nikatikisa kichwa.

"Bonyeza. Ni wewe uliyeitengeneza."

Nikaikalia mikono zaidi. Baba akazima injini, akaegemea kiti. "Basi tutangoja," akasema. Tukangoja. Ng'ombe mmoja akaja akalamba taa yetu ya kushoto, akaridhika, akaanza kulamba ya kulia. Jua likawa kali. Baba alikuwa akitazama mbele tu, mkono wake mmoja ameuweka kwenye goti, mbali na honi.

"Njoki wangu," Cucu akasema kutoka nyuma, "hawa ng'ombe watatuzalia hapa."

Nikatoa mkono mmoja. Nyufa zilikuwa zimeanza kufunga. Nikaupangusa kwenye gauni, nikaupangusa tena, nikanyoosha kidole nikabonyeza.

Honi ikalia. Ng'ombe wakatawanyika, mchungaji akaruka bila kofia. Nikaondoa kidole, na honi ikaendelea kulia. Ikalia, ikalia, haikuruka juu, imezama pale pale katikati ya usukani inapiga kelele mkonge mzima usikie. Nikauvuta mkono nyuma, nikaufunga kwapani, nikasubiri macho ya Baba yaje juu yake kama yalivyokuja kila asubuhi.

Hayakuja. Yalikwenda kwenye kioo cha nyuma. Na kule nyuma Cucu alikuwa amegeukia dirishani, anatazama mkonge kwa makini sana, kama mtu ambaye hajawahi kuuona maishani, leso imemshuka mpaka kwenye nyusi.

Baba akaingiza ukucha chini ya kitufe cha honi, akakiinua, kimya kikarudi. Kisha akauchomoa mkono wangu kwapani, akaushika na kidole chake gumba kilichojaa mafuta.

"Si wewe, Maitu," akaniambia. "Si wewe."